Zege linalomeguka katika nyumba za Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila masika yakimalizika simu yangu hujaa picha. Kipande cha dari kimeangukia meko, nguzo ya baraza imepasuka kutoka juu hadi chini, nondo imechungulia chini ya roshani ikiwa nyekundu tupu. Picha zinatoka Chukwani, Jambiani, Nungwi, Wete, Mkoani, na maswali yanafanana. Nimesimamia ukarabati wa nyumba za watu katika visiwa hivi kwa miaka mingi, na haya ndiyo majibu ninayoyatoa. Maswali nimeyapa nambari ili nisirudie jambo moja mara mbili. Mwenye kipande kilichokwisha kuning'inia aanze na swali la 4.

## Kuelewa kinachotokea

1. Kwa nini zege linapasuka lenyewe wakati hakuna kilicholigonga?

Kwa sababu nondo iliyo ndani inavimba. Zege jipya lina ukali kama wa magadi. Kipimo chake cha pH hufika 12.5 hadi 13. Katika ukali huo nondo hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaoizuia isishike kutu.

Utando huondolewa na vitu viwili. Cha kwanza ni hewa ya kaboni dioksaidi, ambayo hupenya zege polepole na kuupunguza ule ukali. pH ikishuka chini ya 9, nondo imebaki uchi. Cha pili ni chumvi. Chumvi haingoji ukali upungue. Ikishafika kwenye nondo kwa wingi wa kutosha huutoboa utando hata kama zege lenyewe bado ni zima, na nondo huliwa kwa vishimo vya hapa na pale.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili hata mara sita. Zege hustahimili sana kukandamizwa, lakini likisukumwa kutoka ndani hukatika upesi. Basi hupasuka kufuata mstari wa nondo, kisha hubanduka kama ganda. Ufa unaouona leo ulianza kutengenezwa miaka mingi nyuma. Nyumba za Dodoma hazisumbuliwi hivi kwa sababu kutu inataka maji na hewa kwa pamoja, na sisi unyevu tunao mwaka mzima, tena wenye chumvi.

2. Nyumba yangu haiko ufukweni. Chumvi imefikaje?

Upepo huileta, ingawa sehemu kubwa ya matone yake huanguka ndani ya mita mia chache kutoka majini. Kusi huzipiga Makunduchi, Jambiani na Paje, kaskazi huipiga Nungwi. Ukiizunguka nyumba ya huko utaona upande unaotazama upepo umechakaa mapema kuliko mwingine.

Lakini nyumba nyingi za ndani nilizozifungua zilikuwa na chumvi tangu siku ya kumwagwa zege. Ililetwa na mchanga wa pwani, au na maji ya kisima kilichoingiliwa na bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na mchanga uliochotwa ufukweni huja nayo. Ongeza kwamba kokoto zetu nyingi ni za jiwe la matumbawe, jiwe lenye matundu, linalonyonya maji. Zege lake likichanganywa ovyo hupitisha unyevu upesi.

3. Ufa upi niuogope na upi niuache?

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa ukutani kama nyavu, kwa kawaida ni za lipu iliyokaushwa na jua kabla ya kukomaa. Zinaudhi macho tu. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango unaashiria msingi kutulia au lenta dhaifu. Andika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake mbili, uangalie baada ya miezi mitatu. Ukiwa umevuka alama, mwite mhandisi.

Ufa unaoogopesha ni ulionyooka kufuata nondo: wima kwenye kona ya nguzo, au wa kulala chini ya bimu, hasa ukiwa na doa la rangi ya chai ya rangi. Huo ni kutu. Na ufa wa mshazari kwenye bimu yenyewe, karibu na nguzo, usiungoje hata wiki.

4. Nitajuaje kama ndani kumeoza, na ni wakati gani watu waondoke?

Chukua nyundo ndogo ugonge taratibu, shubiri kwa shubiri. Zege zima hulia kwa sauti kali, kama jiwe. Zege lililobanduka hulia kwa sauti nzito ya utupu, kama mtungi usio na maji. Zungushia chaki kila penye sauti ya utupu, utashangaa eneo lilivyo kubwa kuliko ufa ulioonekana. Unapogonga dari usisimame chini ya unapopagonga, na vaa kofia ngumu na miwani.

Watu waondoke chumbani mara moja ukiona mojawapo ya haya: dari imebonyea katikati, nguzo imepasuka na nondo zake zimepinda kwa nje, ringi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo na kuzifunga pamoja) zimekatika, au ufa umeongezeka ndani ya siku chache. Roshani yenye ufa juu, pale inapoungana na ukuta, usiikanyage kabisa. Nondo zinazoishikilia roshani ziko upande wa juu wa zege, na hapo ndipo maji hutuama. Watu hutazama chini ya roshani wakaona pazima, kumbe panapooza ni juu.

Kipande kilicholegea kiangushwe kwa makusudi siku hiyo hiyo, watoto wakiwa mbali. Kikiachwa kitachagua chenyewe saa ya kuanguka. Nimeshaona kitanda cha mtoto chini ya dari ya namna hiyo, na wenye nyumba walikuwa wamekizoea kile kipande.

5. Unga mweupe unaoota ukutani ni nini?

Ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ndani ya ukuta. Maji yamekauka, yenyewe imebaki. Ifagie ikiwa kavu, usiioshe, kwani ukiosha inarudi ndani. Kisha tafuta maji yanatoka wapi (swali la 16 na la 18). Rangi mpya juu ya unga huo haimalizi masika moja.

## Kabla ya kumwita fundi

6. Nikipiga lipu juu ya ufa si inatosha?

Haitoshi, na hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote. Lipu huficha kutu bila kuizuia. Chini yake nondo inaendelea kuliwa, na safari hii huioni. Nyumba ya wazee wangu roshani yake ilipigwa lipu ya nadhifu na kupakwa rangi kwa ajili ya harusi. Mwaka wa pili kipande kirefu cha ukingo kilianguka barazani alfajiri, na tulipokifungua, nondo ya mm 12 ilikuwa imebaki nyembamba kama spoku. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyekuwa amekaa chini yake, maana saa za jioni hapo hapakosi watu wa kahawa.

Fedha ikiwa haitoshi kwa kazi kamili, ni heri ubomoe kilicholegea, usugue nondo, upake uji wa saruji, na uache pabaya vile vile mpaka upate fedha. Jeraha lililo wazi utaliona kila siku.

7. Nifanye kazi msimu gani?

Kazi ya nje inapendeza wakati wa kipupwe, Juni hadi Septemba: mvua ni haba na joto limepungua. Ila kusi hukausha uso wa zege kwa haraka, basi andaa magunia na turubai kabla hata ya kuchanganya. Januari na Februari pia kukavu, na mimi huutumia wakati huo kwa slebu (sakafu au paa la zege) za juu, kwa sharti tumimine alasiri jua likishapoa. Masika usifungue slebu. Vuli unaweza kufanya kazi ndogo za ndani.

8. Nahitaji mhandisi, au fundi mzuri anatosha?

Ubandukaji mdogo wa ukingo, lenta au ukuta, fundi anayejua kazi anatosha. Nguzo inayobeba ghorofa, bimu kuu, roshani, au slebu iliyobonyea inamtaka mhandisi, na inataka mirunda (miti ya kutegemeza) au jeki kabla tindo haijagusa zege. Nguzo ikichongwa kuzunguka pande zote nne bila kutegemezwa, mzigo unabaki juu ya nondo zilizooza. Anayekwambia "hiyo ndogo tu" bila kupanda kuangalia, mshukuru na utafute mwingine.

Makubaliano yaandikwe kwa hatua: kubomoa, kusafisha nondo, kuziba, kumwagilia maji. Kila hatua uione kwa macho kabla ya kulipa inayofuata, hasa ya nondo, kwa sababu ikishafunikwa hakuna ushahidi. Kiasi kidogo kibaki hadi mvua za kwanza zipite.

9. Naishi kwenye maghorofa ya Serikali. Naweza kurekebisha roshani yangu mwenyewe?

Maghorofa ya Michenzani na Kilimani, pamoja na yale ya Wete, Chake Chake na Mkoani, ni matunda ya mipango ya makaazi iliyofuata Mapinduzi ya 1964, na mengi yamekaribia au kupita nusu karne. Roshani yako ni dari ya jirani. Ukivunja ukingo wako, au ukiongeza ukuta wa matofali ili upate chumba, unagusa mzigo wa jengo zima. Andika taarifa, piga picha zenye tarehe, ipeleke kwa Shirika la Nyumba la Zanzibar na kwa sheha wako, na zungumzeni wakaazi wa ngazi moja ili bomba la maji machafu linalovuja lizibwe kutoka juu hadi chini kwa pamoja. Katika majengo haya mara nyingi bomba bovu ndilo linalolisha kutu.

Lisilohitaji kibali ni kuondoa uzito: matofali yaliyorundikwa, mapipa ya maji, udongo wa maua. Hilo fanya leo.

## Kazi yenyewe

10. Hatua za kuziba sehemu iliyomeguka ni zipi?

Kwanza zuia maji. Kama bomba, mfereji wa paa au kiyoyozi kinadondoshea hapo, hakuna kiraka kitakachodumu.

Kisha bomoa kwa tindo na nyundo hadi ufike kwenye zege linalolia vizuri. Fuata nondo mpaka uione safi, na uendelee sentimita chache mbele ya pale kutu ilipoishia. Chimba hata nyuma ya nondo, kiasi kidole kiweze kupita, yaani milimita 20 hivi. Mafundi wengi huichoka sehemu hii, wakaacha mgongo wa nondo umelala kwenye zege lenye chumvi, na kutu inaanzia huko tena. Kingo za shimo zikatwe wima kwa grenda, kina cha sentimita moja. Kiraka chenye ukingo mwembamba kama karatasi hukunjuka.

Nondo isuguliwe pande zote kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Kama kutu ilitokana na chumvi, yaoshe mashimo yake kwa maji matamu, usugue tena. Angalia imebaki kiasi gani (swali la 11), kisha ipake (swali la 12) siku hiyo hiyo. Kwa hewa yetu, nondo iliyosuguliwa asubuhi huanza kubadilika rangi kesho yake.

Lowesha zege la zamani tangu jana yake, ili lisiunyonye mchanganyiko mpya. Wakati wa kuziba liwe na unyevu lakini lisiwe na maji yanayong'aa juu. Paka uji mzito wa saruji kwa brashi, na uzibe uji ungali mbichi. Ukikauka kabla hujaziba unageuka kuwa kitu cha kutenganisha badala ya kushikisha.

Kwa kiraka cha mkono, sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga safi, mkavu kiasi kwamba ukiukamata unashikana bila kuchuruzika. Kandamiza kwa nguvu nyuma ya nondo kwanza. Tabaka moja lisizidi milimita 20. Likwaruze, lingoje lishike, ndipo lifuate jingine. Darini usilazimishe unene kwa siku moja, litajivua lenyewe usiku. Shimo likiwa kubwa, kama kona nzima ya nguzo, funga mbao na umimine zege la kokoto ndogo.

Ukitumia ile dawa nyeupe kama maziwa ya kushikisha zege jipya na la zamani, soma dumu: iwe ya SBR, aina isiyolainika ikilowa. Gundi nyeupe ya aina ya PVA hulainika tena ikipata maji, na kwetu lazima itayapata.

Zege linaloifunika nondo liwe na unene wa milimita 40 hadi 50 kwa sehemu za nje. Nyumba nyingi za zamani zina 15 au 20, kwani biskuti (vipande vya zege vya kuinua nondo kutoka kwenye mbao) hazikuwekwa. Unene huu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: kaboni dioksaidi ikichukua miaka 10 kupenya milimita 10, itahitaji kama 40 kupenya 20. Ukizidisha unene mara mbili, muda unazidi mara nne.

11. Nondo imeliwa. Nitajuaje kama bado inafaa?

Pima kipenyo chake baada ya kusugua, pale palipoliwa zaidi. Macho hudanganya hapa. Nondo ya mm 12 iliyobaki na 11 imepoteza karibu asilimia 16 ya nguvu zake. Ikibaki na 10 imepoteza karibu 31, kwa sababu kinachobeba mzigo ni eneo la mkato, si upana. Ikipoteza zaidi ya robo, au ikiwa na vishimo virefu, ongeza nondo mpya ya ukubwa ule ule pembeni yake. Nondo mpya na ya zamani iliyo nzima zipishane kwa mara 40 hadi 50 ya kipenyo, yaani kwa mm 12 ni sentimita 48 hadi 60 kila upande. Kipande cha shubiri moja kilichofungwa kwa waya katikati ya jeraha hakibebi kitu.

Ringi zikikatika zirudishwe. Bila ringi, nondo za nguzo hupinda nje.

12. Nipake nondo rangi nyekundu ya mageti?

Hapana. Rangi ya mafuta huteleza, na saruji haiishiki. Paka uji wa saruji mara mbili, au rangi ya zinki iliyotengenezwa kwa nondo za ndani ya zege. Oili chafu ya gari, ambayo nimeiona ikipakwa zaidi ya mara moja, ni mbaya kuliko kuacha bila kitu.

13. Mchanga na maji ya namna gani?

Mchanga wa shimo, wenye punje za ukubwa tofauti, usio na udongo. Ujaribu: jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache usiku kucha. Tope litakalokaa juu likiwa nene kama kidole ilhali mchanga wenyewe ni shubiri, uoshe au uurudishe. Mchanga wa pwani usiutumie kwenye chochote chenye nondo. Kuuosha kwa maji matamu mara kadhaa hupunguza chumvi, lakini kwa ukarabati mdogo, ambao mchanga wake ni karai chache tu, sioni sababu ya kubahatisha.

Maji yawe ya kunywa. Ulimi ukiikuta chumvi kwenye maji ya kisima, hayafai. Kama mtaani kwako bomba hutoka kwa zamu, jaza mapipa siku mbili kabla.

Na yawe machache. Mfuko wa kilo 50 usipate zaidi ya lita 22 hadi 25, pamoja na maji yaliyomo kwenye mchanga mbichi. Maji ya ziada hukauka na kuacha vinjia, na chumvi hupita humo humo.

14. Saruji ipi ninunue?

Kwa nguzo, bimu, slebu na viraka vya vyote hivyo, ile yenye daraja la nguvu 42.5, namba iliyoandikwa kwenye mfuko. Ya 32.5 inatosha lipu na kujengea matofali. Angalia mfuko usiwe na mabonge magumu. Saruji iliyokaa bandarini au dukani penye unyevu huanza kuganda ndani ya mfuko. Nyumbani iweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

15. Nimwagilie siku ngapi?

Siku 7 bila kukosa, na 14 kama unaweza, kwani saruji nyingi za sasa zimechanganywa na vitu vinavyokomaa polepole. Kumwaga ndoo asubuhi na jioni hakutoshi wakati wa kusi. Funika kwa magunia yaliyolowa, juu yake nailoni. Nguvu kamili huhesabiwa siku ya 28, kwa hiyo mirunda ya bimu usiitoe kwa sababu fundi anaihitaji kwingine. Maji ya bahari kamwe, hata kama nyumba inagusana na mawimbi.

## Maji: slebu, tangi na kuta

16. Slebu ya juu inavuja. Nipake lami?

Kwanza panda wakati mvua imekatika uangalie maji yanatuama wapi. Slebu inahitaji mteremko wa angalau sentimita moja na robo kwa kila mita, na matundu ya kutolea maji yasiyozibwa na majani ya mwembe. Pasipo mteremko, utapaka lami kila mwaka. Mteremko ukiwa hakuna, tandika saruji ya mwinuko, lakini hesabu uzito wake, na kwa slebu iliyokwisha kubonyea usiongeze.

Kisha rekebisha nyufa na viraka, pangoje pakauke vizuri, ndipo upake dawa ya kuzuia maji na kuipandisha ukutani shubiri moja kuzunguka. Lami nyeusi isiyofunikwa hupasuka kwa jua. Na nitasema ninachoamini: kwa nyumba ya kawaida ya visiwa hivi ambayo hakuna atakayejenga juu yake, paa la bati lililoinuliwa juu ya slebu, lenye mapana ya kutosha na mifereji, lina faida kuliko dawa yoyote. Linaondoa mvua na jua kwa pamoja.

17. Tangi la maji juu ya slebu lina madhara?

Lita 1,000 ni tani moja. Tangi la lita 2,000 kwenye kona ya slebu iliyoliwa ni gari mbili ndogo zilizoegeshwa juu ya chumba cha kulala. Literemshe kwenye mnara wake, au likae juu ya kuta zinazobeba, si katikati ya slebu. Na ule mrija wa kumwaga maji ya ziada uongozwe hadi chini. Michirizi yake ukutani ndipo kutu huanzia.

18. Ukuta umelowa kutoka chini hadi usawa wa magoti. Niweke vigae?

Vigae husukuma unyevu upande juu zaidi. Unyevu huu hupanda kutoka ardhini kwa sababu hakuna nailoni wala tabaka la kuzuia kwenye msingi, au ardhi ya nje imepanda kuliko sakafu baada ya miaka ya kumwaga kifusi uwani. Punguza udongo wa nje, weka mifereji ili maji ya bati yasirukie ukuta, ondoa lipu iliyojaa chumvi hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, uache ukuta upumue kwa wiki kadhaa, kisha piga lipu mpya na rangi ya maji. Rangi ya mafuta itavimba malengelenge.

## Hali zisizo za kawaida

19. Tuliziba vizuri mwaka juzi, na sasa panapasuka pembeni ya kiraka. Fundi alikosea?

Si lazima. Wavuvi wanaijua habari hii: kwenye mashine ya boti hufungwa kipande cha zinki ili kiliwe chenyewe, mashine ipone. Ndani ya zege lenye chumvi, sehemu ya nondo iliyokuwa ikiliwa ilikuwa ikizikinga jirani zake bila wewe kujua. Umeisafisha na kuifunika kwa zege jipya, basi zamu imehamia pembeni.

Dawa ni mbili. Bomoa eneo pana zaidi, hadi upite sehemu yenye chumvi. Au fungia nondo vipande vidogo vya zinki vilivyotengenezwa kwa kazi hii kwenye kingo za kiraka kabla ya kuziba. Vinaagizwa, na bei yake si ya kila mtu, ila kwa roshani na bimu kuu naona vinastahili. Vikitumika, nondo isipakwe kitu kinachozuia umeme kupita.

20. Nyumba yangu ni ya mawe, Mji Mkongwe. Haya yote yananihusu?

Machache sana. Kuta zako ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko. Ukuta huo hupumua; ukiupiga lipu ya saruji maji hufungwa ndani, chokaa hulainika na vichwa vya boriti huoza mahali usipoviona. Tumia lipu ya chokaa na rangi ya chokaa. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na kazi yoyote inaanzia kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la 1883, ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili walifariki. Ndiyo maana sitoi maelekezo ya kubomoa ukuta wa huko kwa maandishi.

Kama nyumba ya mawe iliongezewa slebu au lenta za zege baadaye, hizo zina ugonjwa wa swali la 1. Hapo mhandisi ajue mambo yote mawili.

21. Niliacha nondo juu kwa ajili ya ghorofa ya baadaye. Zimeshika kutu. Zina madhara?

Zina, maana maji hufuata nondo na kuingia ndani ya nguzo. Zisugue, zipake uji wa saruji, kisha uzizungushie zege hafifu la saruji kidogo ambalo litavunjika kirahisi siku ukijenga. Mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba haufai, hufuga jasho ndani. Siku ya kujenga ikifika, zipime kama swali la 11 kabla ya kuunga kitu chochote juu yake.

22. Nina hakika nyumba ilijengwa kwa mchanga wa pwani. Ivunjwe?

Usiivunje kwa kusikia. Pima kwanza. Unga wa zege unaotobolewa kwa drili katika kina cha nondo hupelekwa maabara. Kwa zege la nondo, kiwango kinachokubalika kwa kawaida hakizidi asilimia 0.4 ya kloraidi (ile sehemu ya chumvi inayoutoboa utando) kwa uzito wa saruji. Maabara hiyo hiyo inaweza kunyunyizia zege lililovunjwa sasa hivi dawa ya fenolifthaleini: penye ukali panageuka rangi ya zambarau, palipokufa panabaki palivyo, na hapo unaona kwa macho kaboni dioksaidi imefika wapi.

Chumvi ikiwemo lakini zege likawa kavu, kutu huenda taratibu sana. Kwa hiyo fedha ya mwanzo iende kwenye paa, mifereji, mabomba ya bafu la juu na rangi ya nje inayozuia mvua huku ikiruhusu ukuta kupumua. Gonga kwa nyundo mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, na uandike ulichokuta kwenye daftari lenye mchoro wa kila chumba. Nina mteja Mbweni ambaye nyumba yake ilihukumiwa kuvunjwa miaka tisa iliyopita. Aliiezeka bati juu ya slebu, akabadilisha bimu mbili, na daftari lake hadi sasa lina alama nne mpya tu, zote za bafuni.